Nani aliacha kupima gesi?

Wenzangu wa mwaka wa mwisho wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anakesha akitazama filamu ya Kanada ya mwaka 1981 ambamo mtu aliyevaa barakoa ya gesi anapasua watu vifua kwa sururu. Swali ni la haki, na ninalijibu hapa kwa maandishi ili nisilirudie tena barazani. Jibu fupi ni kwamba filamu hiyo inasimulia ajali ya mgodi, sisi tunaishi katika mji wa migodi, na jinsi inavyogawa lawama inafanana sana na jinsi sisi wenyewe tunavyopanga sentensi za Kiswahili tunapotangaza vifo vya wachimbaji. Jibu refu linahitaji subira kidogo.

Filamu inaitwa My Bloody Valentine. Wanaoijua kwa Kifaransa wanaijua kama Meurtres à la Saint-Valentin. Iliongozwa na George Mihalka na kutengenezwa na Cinépix, kampuni ya Montreal, wakati ambapo sheria ya kodi ya Kanada iliwaruhusu wenye pesa kuondoa gharama yote waliyoweka katika filamu ya nchi yao kwenye hesabu ya kodi. Ndiyo sababu miaka ile Kanada ilizaa filamu za kutisha kama uyoga baada ya mvua. Paramount waliinunua na kuitoa kwenye kumbi za Marekani Februari 1981, siku tatu kabla ya sikukuu yenyewe. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imepata pesa nyingi kwa Friday the 13th, na kila mtu alikuwa akitafuta tarehe nyingine ya kalenda ya kumwagia damu. Noeli ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Black Christmas mwaka 1974, na usiku wa Halloween mwaka 1978. Mtakatifu Valentino alikuwa bado yuko huru.

Kwa Kiswahili hatuna jina la aina hii ya filamu, yaani zile ambazo muuaji mmoja mwenye kisu au shoka anawamaliza vijana mmojammoja mpaka abaki msichana. Vijana wa mtaani husema tu “filme ya kuchinja”, na mimi nitatumia hilo. Ni jina zuri, kwa maana linataja kazi inayofanyika.

Nakala ya kwanza niliyoiona nikiwa mtoto ilikuwa diski ya kunakiliwa, yenye sauti ya Kifaransa cha studio, wachimbaji wa makaa wakizungumza kama watangazaji wa redio. Mwaka jana binamu yangu anayekaa Montreal alinitumia diski halali, ile iliyotolewa na Lionsgate Januari 2009 pamoja na wakati wa kutoka kwa toleo jipya la filamu hiyo. Humo kuna sauti ya asili, na kuna karibu dakika 3 za mauaji ambazo wapimaji wa filamu wa Marekani walilazimisha zikatwe mwaka 1981. Kwa miaka 28 washabiki walizililia dakika hizo kama urithi ulioibwa. Ukitazama toleo refu unauona mshono: rangi inabadilika, picha inakuwa chafu kidogo, na hapo unajua kwamba kinachofuata ndicho kilichofichwa.

Nimezitazama na nimefurahi kwamba zimerudi, kwa sababu sipendi kazi ya mtu ikatwe na mkasi wa mtu mwingine. Lakini mazungumzo yote kuhusu diski hii yanaishia hapo, kwenye hesabu ya sekunde na lita za damu, kana kwamba kilichofichwa katika filamu hii kilikuwa ni jicho la mhudumu wa baa linalotobolewa na sururu. Kilichofichwa zaidi kipo katika toleo fupi pia, tangu dakika za mwanzo, na hakuna mkasi ulioligusa.

Hadithi ni hii. Mji unaitwa Valentine Bluffs. Miaka 20 iliyopita, usiku wa ngoma ya Valentino, wasimamizi wawili wa zamu waliondoka mgodini mapema ili wawahi kucheza. Hawakupima kiwango cha gesi ya methani. Wenzao wa chini walikuwa bado wanafanya kazi. Mgodi ukalipuka, wachimbaji wakanaswa, na baada ya majuma kadhaa akatolewa mmoja tu akiwa hai, Harry Warden, ambaye alikuwa ameishi kwa kula nyama ya wenzake. Akapoteza akili, akapelekwa hospitali. Mwaka uliofuata akarudi, akawaua wale wasimamizi wawili, akawatoa mioyo na kuiweka katika maboksi ya chokoleti, na akaacha onyo kwamba ngoma ile isichezwe tena. Haikuchezwa kwa miaka 20. Sasa vijana wa mgodi wanataka kuirudisha, na maboksi yanaanza kufika tena.

Katika Kiswahili cha huku, msimamizi wa namna ile tunamwita kapita. Neno ni la zamani, limepita kambi zote za Katanga, na bado linauma kidogo masikioni mwa wazee. Nitalitumia, kwa sababu “msimamizi wa zamu” ni neno la ofisi, na filamu hii inahusu makapita.

Angalieni sasa jinsi mji ule unavyoikumbuka habari yake. Anayesimulia ni mhudumu wa baa, mzee anayependa kuwatisha vijana. Katika masimulizi yake kosa la makapita linapita haraka, kama utangulizi. Kiini ni Harry Warden, barakoa yake, njaa yake, sururu yake. Kuna hata wimbo juu yake mwishoni mwa filamu, kwa mtindo wa nyimbo za kale za pwani ile ya Atlantiki. Hakuna aliyetunga wimbo juu ya kipimo cha gesi. Mji umechukua tukio lenye sababu mbili, uzembe na kisasi, ukaitupa ya kwanza na kuitukuza ya pili. Watoto wote wa Valentine Bluffs wanajua jina la muuaji. Waulize nani aliacha kupima gesi, watakujibu “wale wasimamizi”, bila zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisikia vizuri katika Kifaransa cha studio na ambalo linasikika wazi katika sauti ya asili. Meya wa mji, Hanniger, ndiye pia mwenye mgodi. Moyo wa mtu unapomfikia ndani ya boksi, yeye na mkuu wa polisi, Newby, wanaamua kunyamaza. Mabel, mama mtu mzima aliyekuwa akiandaa ngoma, anakutwa ameuawa ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Polisi anatangaza kwamba amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Ngoma inafutwa bila kuelezwa kwa nini. Vijana, wasiojua lolote, wanahamishia sherehe mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye jengo la mgodi, na baadhi yao wanashuka chini kutembeza wasichana.

Kwa hiyo kifo kinakuja mara mbili kwa njia ileile. Mara ya kwanza wakubwa walikuwa na wajibu wa kupima hatari na hawakupima. Mara ya pili wakubwa wanaijua hatari na hawasemi. Wanaokufa ni walewale, wenye taa kichwani. Sioni filme nyingine ya kuchinja ya miaka ile iliyojengwa hivyo. Katika nyingi, vijana wanakufa kwa sababu wamelala pamoja au wamevuta bangi, na mtazamaji anaachiwa aone kwamba wamejitakia. Hawa wa Valentine Bluffs hawakujitakia. Wanakunywa bia, ndiyo, chupa za Moosehead zimejaa kila meza kama Simba zinavyojaa kwetu siku ya mshahara, lakini wanakunywa baada ya kazi, nguo bado zina vumbi.

Na muuaji ni nani? Aliyesubiri miaka 45 asiambiwe ajue kwamba hapa ninamwambia. Harry Warden alikwisha kufa hospitalini miaka mitano kabla. Anayevaa barakoa ni Axel, kijana wa mgodini, mtoto wa mmoja wa makapita wale, ambaye akiwa mdogo alimwona baba yake akiuawa. Fikirini juu ya mpango huo. Mtoto wa kapita anavaa uso wa mfanyakazi, anaua wafanyakazi, na mji mzima unamlaumu mfanyakazi aliyekufa. Sidai kwamba Mihalka na mwandishi wake John Beaird walikaa wakapanga hoja ya kisiasa. Asistanti mmoja wa idara yetu aliniambia kuwa ninasoma mengi mno katika bidhaa iliyotengenezwa haraka kwa ajili ya kodi na tarehe. Inawezekana kabisa kuwa ilitengenezwa haraka. Lakini sisi tunafundishwa hapa kwamba sentensi inaweza kusema zaidi ya alichokusudia msemaji, na tunatoa mitihani juu ya jambo hilo.

Sasa nije kwenye kazi yangu.

Kiswahili kina kiambishi ambacho wote tulikariri mwaka wa kwanza, kile cha kutendeka. Kubomoa, kubomoka. Kulipua, kulipuka. Kuvunja, kuvunjika. Kuporomosha, kuporomoka. Kinatofautiana na cha kutendwa kwa jambo moja tu, lakini kubwa. Ukisema “ukuta umebomolewa”, hujamtaja mtenda, ila umeacha kiti chake wazi, msikilizaji ana haki ya kuuliza “na nani?” Ukisema “ukuta umebomoka”, kiti hakipo. Swali “na nani?” linakuwa kosa la sarufi. Ukuta wenyewe umeamua.

Sikilizeni habari za migodi kwenye redio zetu. Mgodi umeporomoka. Shimo limebomoka. Udongo umeteremka. Gesi imelipuka. Halafu, wanapofika kwa watu, kitenzi kinageuka: wachimbaji wamefukiwa. Hapo kwenye kufukiwa kiti cha mtenda kipo, lakini kimekwisha kukaliwa, kwa maana wamefukiwa na udongo. Udongo ndiye mwuaji. Simlaumu mtangazaji. Ana dakika moja, ana haraka, hana ripoti ya uchunguzi mkononi, na lugha imempa njia ya kusema ukweli bila kumshitaki mtu. Shida ni kwamba sentensi ya siku ya kwanza ndiyo inayobaki. Juni 2019, karibu na Kolwezi, wachimbaji wadogo zaidi ya 40 walikufa katika eneo la mgodi mkubwa wa shaba na kobalti. Waulizeni wanafunzi wenzenu wanakumbuka nini. Mimi niliwauliza kumi na mmoja, wa madarasa mbalimbali, na tisa walinijibu kwa kitenzi chenye kutendeka. Wawili hawakukumbuka tukio lenyewe.

Juu ya kitenzi kuna nomino. Ajali tumeipata kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kufa. Maana hiyo bado inanukia ndani ya neno. Ndiyo maana waswahili husema ajali haina kinga. Mtaani Lubumbashi tunasema aksida kwa Kifaransa, na hilo nalo halisaidii sana, lakini angalau halina harufu ya hukumu ya Mungu. Methani ina kinga. Kinga yake ni kifaa cha kupimia, hewa inayopitishwa, na mtu anayebaki kazini mpaka saa yake iishe. Vivyo hivyo dari ya mwamba, ambayo inagongwa, inasikilizwa, inashikiliwa kwa nguzo.

Kule Nova Scotia, jimbo ambako filamu hii ilipigwa, wanayajua haya kwa makaburi. Picha zilichukuliwa katika mji wa Sydney Mines, kwenye kisiwa cha Cape Breton, ndani ya mgodi wa kweli, Princess, ambao ulikuwa umefungwa miaka michache kabla. Mihalka amesimulia mara nyingi kwamba wenyeji, kwa heshima ya wageni, waliusafisha na kuupaka rangi kabla wapiga picha hawajafika, na kampuni ikalazimika kulipa tena ili urudi kuwa mchafu. Ninaipenda habari hiyo kuliko filamu nusu. Watu wa mgodi hawakutaka mgodi wao uonekane vibaya mbele ya dunia, hata baada ya kufungiwa. Katika jimbo hilohilo kuna Springhill, ambako mlipuko wa mwaka 1956 uliua watu 39 na mtikisiko wa mwamba wa mwaka 1958 ukaua 75. Baadhi ya walionaswa mwaka 1958 walitolewa wakiwa hai baada ya siku zaidi ya nane. Watazamaji wa Nova Scotia hawakuhitaji kuambiwa Harry Warden ametoka wapi.

Halafu ikaja Westray. Tarehe 9 Mei 1992, miaka 11 baada ya filamu, mgodi wa makaa wa Westray katika kijiji cha Plymouth ulilipuka kwa methani na vumbi la makaa, na watu 26 wakafa. Miili 11 haikutolewa hata leo. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Peter Richard ulitoa ripoti yake mwaka 1997, na kichwa chake kinasema wazi kwamba njia iliyoelekea kwenye maafa ilikuwa inaonekana tangu mbali. Vumbi halikutulizwa, gesi haikuheshimiwa, waliolalamika hawakusikilizwa. Mashitaka dhidi ya mameneja wawili yalianguka mahakamani. Kilichobaki ni sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2004, ambayo inawezesha kampuni na wakubwa wake kushitakiwa kwa jinai wanapoacha kuwalinda wafanyakazi. Wakanada huiita kwa jina la mgodi. Nataka mwone kilichofanyika hapo katika sarufi. Baada ya miaka 12, “mgodi ulilipuka” iligeuzwa kuwa sentensi yenye mtenda, na mtenda huyo akaandikwa katika kanuni za adhabu.

Mtaniambia kwamba sisi hatuna Harry Warden. Tunaye, ila wetu amegeuzwa juu chini. Wazee wa Lubumbashi wanawakumbuka batumbula. Wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Elisabethville, ilisemwa kwamba usiku kuna watu wanaotumwa kukamata Waafrika njiani na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Jina lenyewe linakaa karibu mno na kutumbua, kupasua tumbo, hata sikio lisiunganishe. Pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na mumiani, Zambia walikuwa na banyama, na Luise White ameandika kitabu kizima juu ya hofu hizi mwaka 2000. Watawala waliziita ujinga wa watu weusi. Lakini linganisheni hadithi hizo mbili. Katika Valentine Bluffs, anayekula watu ni mfanyakazi aliyeachwa shimoni. Katika Elisabethville, anayekula watu ni mwenye kampuni. Hadithi ya kwanza inasukuma lawama chini, ya pili inaisukuma juu. Ya pili haikuwa kweli kama habari, hakuna bibi yeyote wa Kizungu aliyepika mtu. Kama sentensi ilikuwa na mtenda mahali pake. Mji ambao wafanyakazi wake walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira tarehe 9 Desemba 1941 kwa kudai mishahara haukuhitaji kufikiri sana kabla ya kusema kwamba wakubwa wanakula watu. Na mpaka leo Kiswahili hakijaacha kutumia kitenzi hicho. Fulani amekula pesa za shule. Wamekula barabara. Hatusemi kwamba pesa zimelika.

Nilitazama diski hii mara ya tatu pamoja na papa mmoja wa mtaa wetu, mstaafu, aliyefanya kazi chini ya ardhi Kipushi kwa miaka mingi. Alikuja kwa sababu nilimwambia kuna filme ya mgodi. Sikumwambia kuna mioyo. Alikaa kimya, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Barakoa haikumtisha hata kidogo. Alicheka muuaji alipoinua sururu juu ya kichwa ndani ya njia nyembamba, akasema mahali kama pale ungegonga mwamba na kuvunja mkono wako mwenyewe. Alitaka kujua kwa nini hakuna anayefanya purge, yaani kugonga dari kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima unalia kama kengele, alisema, na mwamba uliooza unalia kama sanduku tupu. Zile dakika 3 zilizorudishwa alizitazama kwa makini kuliko mimi, na nikaelewa kwamba alikuwa anatazama vifaa: sururu, taa, bunduki ya misumari, kifaa cha kutobolea. Kila mtu katika filamu ile anauawa kwa kitu cha kazi au cha nyumbani. Hilo sikuwahi kulisikia kwa mshabiki yeyote wa toleo refu.

Mwishoni, Axel alipovuliwa barakoa, nilimwuliza Papa kama alikuwa amemtambua muuaji mapema. Akanitazama kama vile nimeuliza swali la mtoto.

“Aba bakapita njo baliua bantu,” alisema. “Ule wa maski anafwata tu.”

Kuna wanafunzi wa mwaka wa pili watakaosoma sentensi hiyo na kuona makosa matano dhidi ya sanifu. Mimi naona njo. Kwa wasiokuwa wa huku: njo ni ile ndiyo iliyofupishwa, na katika Kiswahili cha Lubumbashi kazi yake ni kuchagua. Inamtoa mmoja kati ya wengi na kusema ni huyu, si mwingine. Papa hakusema makapita walihusika, wala hawakuwa waangalifu. Alichukua kiti kile ambacho kutendeka kumekiondoa chumbani, akakirudisha, akamkalisha mtu. Na yule tuliyekuwa tukimwogopa kwa dakika 90 akampa kitenzi cha kufuata na tu nyuma yake. Nimesoma sura nzima juu ya vialamishi vya mkazo ambazo hazikunifundisha kiasi hicho.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara, na ninalitoa kwa heshima kwa walimu wanaosoma jarida hili. Orodha ya mada za tasnifu iliyobandikwa mwezi uliopita ina ngeli za nomino katika lugha saba, toni katika lugha nne, na methali, kama kawaida. Ni kazi nzuri na lazima ifanyike. Mimi mwenyewe nimekula chumvi ya ngeli kwa miaka mitatu. Lakini hakuna hata mada moja juu ya lugha ya mgodi. Hatuna mkusanyo wa taarifa za redio za ajali za migodi kwa Kiswahili. Hatuna rekodi za wastaafu wa chini ya ardhi wakisimulia siku mbaya kwa maneno yao, na wanapungua kila mwaka. Kwenye mtaa wetu peke yake tumezika wawili tangu Pasaka. Kinasa sauti kipo ndani ya simu ya kila mwanafunzi. Inahitajika saini ya mwalimu mmoja na nauli ya Kipushi, Likasi na Kolwezi. Ninaogopa kwamba tutakapoamka, watakaotusimulia watakuwa ni watoto, na watoto watakuwa wanajua tu kwamba mgodi uliporomoka.

Wengine watasema mada hiyo ni ya sosholojia. Basi na wao waje. Ila mwanasosholojia hatasikia tofauti ya kubomoka na kubomolewa, na asipoisikia yeye hataisikia mwanasheria atakayekaa na ripoti.

Kuhusu diski: nitaiazima kwa yeyote anayetaka, kwa sharti kwamba airudishe na asiguse upande wake unaong'aa. Anza na toleo fupi, ndiyo, lile lililokatwa. Damu ikipungua, mji unasikika vizuri zaidi, na pumzi ya muuaji ndani ya barakoa, ambayo ndiyo sauti pekee anayotoa kwa muda mwingi, unaweza kuisikia kama pumzi ya mtu aliye zamuni. Kisha tazama lile refu kwa ajili ya vifaa. Toleo jipya la mwaka 2009, lile la miwani ya picha za kuruka, unaweza kuliacha. Mgodi umo, lakini wachimbaji hawamo.

Na utakapofika mwisho, Axel akiwa amejikata mkono ili ajinasue na kukimbilia gizani akiimba na kutisha kwamba atarudi, angalia kalenda. Filamu inafunguka Alhamisi, tarehe 12 Februari. Sikukuu ni Jumamosi. Meya bado ni meya na mgodi bado ni wake. Jumapili watazika. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi zamu ya kwanza inashuka, na hatuonyeshwi nani amekabidhiwa kipimo cha gesi.